Kichwa Kimoja, Somo Moja

Hebu niambie, mwenzangu, wewe ungekubali? Siku hizi chuo cha kata kinapandikiza masomo kichwani, na kichwa kimoja kinaruhusiwa somo moja tu. Mjukuu wangu Tuswege alikuwa na falsafa. Wakaifuta, wakampandikizia utoaji dawa, eti ndilo somo lenye kazi! Zamani tukimenya ndizi alinibishia mpaka sufuria inaungua. Sasa ananipangia vidonge vya presha, kimya, hata hanitazami.

Jana nikavifumbata.

“Simezi! Niulize kwa nini!”

“Kimoja asubuhi, Bibi, baada ya chakula.”

“Niulize, mama!”

Akanyoosha glasi ya maji. Akanitazama, glasi ikainama, maji yakamwagikia kanga yangu.

“Bibi,” akasema, “mimi nilitaka masomo yote mawili.”