Duara Jeusi Uani kwa Argyro

Argyro alipofungua mlango asubuhi, alikuta duara jeusi la mkaa katikati ya ua, juu ya chokaa aliyoipaka jana yake tu.

Kabla ya Pasaka wanawake wa kisiwa kile hupaka chokaa, na hawabakizi kitu: ngazi, kuta, mashina ya milimau, mfuniko wa kisima, mawe ya kukanyagia, mpaka ua mzima unakuwa mweupe pee. Nani wa kuchafua kazi kama hiyo? Argyro hakujiuliza mara mbili. Ni yule mgeni.

Mzee huyo wa nchi za baridi alishuka melini Jumapili, eti anatafuta utulivu. Akapanga chumba ng'ambo ya kichochoro, dirisha linatazama ua wa Argyro. Kigiriki hajui hata neno. Fotini, binti wa Argyro wa miaka sita, akiruka kamba, mzee hugonga kioo na kupunga mikono kama aliyepagawa. Na jana jioni Argyro alimkuta ndani ya ua, kapiga magoti, anabisha chini kwa vidole. Akamtimua kwa ufagio.

"Labda kakupenda, mjane wa watu," jirani yake Kaliopi alimtania.

"Anipende mimi, na macho yote yako kwa mtoto?"

Kaliopi akaacha kucheka.

Sasa hii alama. Argyro alikoroga chokaa nyingine, akapaka mara mbili, weusi wote ukapotea. Kisha akasikia kuwa mzee anaondoka na meli ya adhuhuri. Hakutaka kuambiwa, alitaka kumwona kwa macho yake akipanda.

Kisiwani ufunguo hukaa mlangoni kwa nje mwaka mzima. Siku hiyo Argyro alifunga lango.

"Ruka kamba yako humu humu uani, mwanangu. Usitoke, akuite nani akuite."

"Hata Kaliopi?"

"Hata Kaliopi."

Gatini mzee alipomwona alianza tena, anaonyesha kidole mlimani kwenye nyumba ya Argyro, anapayuka. Mabaharia wakamvuta ndani, meli ikang'oa nanga. Argyro akashusha pumzi, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Akamwona shemeji yake Pantelis anakuja mbio na karatasi. Pantelis alifanya kazi Melbourne miaka mingi, Kiingereza anakijua. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mkahawa wake, akaikuta karatasi hiyo imesukumizwa chini ya mlango.

"Ya yule mzee wako," alisema, anahema.

"Anasemaje?"

Pantelis akasoma polepole: "Mwambieni mama wa mtoto anayeruka kamba, mbao za mfuniko wa kisima chake zimeoza, mguu wangu umenusurika kuzama. Nimeuzungushia mfuniko huo mkaa ili mtoto asipakanyage."