Daftari Jekundu la Profesa

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mama Pacha alivumilia miaka mitatu, na mbivu zote akazila Profesa.

Matokeo ya jaribio yalikuwa yamebandikwa mlangoni mwa darasa. Profesa, tisini na tatu. Mama Pacha, tisini na moja. Aliyasoma mara mbili, kana kwamba tarakimu zingeona haya zibadilishane nafasi.

"Hongera, dada," Profesa alisema nyuma yake. "Safari hii umenikaribia kweli."

Umenikaribia! Neno lile lilimkwama Mama Pacha kooni kama mwiba wa samaki.

Chuo chao kilikuwa kidogo, hata jengo la kutosha hakikuwa nalo. Darasa la shahada ya haki jinai lilikaa kwenye chumba cha kuazima: madawati tisa, ubao uliopauka, wanafunzi wanane. Wengine walisoma ili wafaulu. Mama Pacha alisoma ili ampite mtu mmoja, mwanafunzi mwenzake waliyembandika jina la Profesa. Mtihani wa mwisho ulikuwa kesho asubuhi, na jina la atakayeongoza lingeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa heshima wa chuo.

"Mama, litakuwa lako?" pacha wake walimuuliza.

"Litakuwa langu," aliwajibu. Na mama hadanganyi watoto.

Lakini mtu atashindanaje na Profesa? Mama Pacha alisomea jikoni, mwiko mkono huu, daftari mkono ule, pacha wakigombania shati, mume akiuliza chumvi iko wapi nayo iko mbele ya pua yake. Umeme ukikatika, alisomea mwanga wa simu. Mabasi mawili kuja, mabasi mawili kurudi. Na darasa likiisha, hata kunyoosha mgongo hakuwahi; zamu ya kazi ilikuwa inamsubiri.

Profesa je? Chakula cha kupikiwa. Asubuhi hahangaiki avae nini. Bei ya sabuni haijui. Hana mtoto wa kumwita katikati ya ukurasa. Anakoishi pana ukuta mrefu na walinzi wa kupokezana, na taa huwaka hadi alfajiri. Saa kumi na moja jioni keshajikalia kitandani na masomo yake. Nani asingepata tisini na tatu?

Siku moja yalimfika shingoni, akasema mbele za watu: "Mwenzangu, ningekuwa na muda kama wako, ningeshakuwa jaji!"

Profesa alicheka taratibu. "Tubadilishane basi. Leo hii. Mimi niende nikawaogeshe hao pacha, wewe ubaki na muda wangu."

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu akiwemo. Mama Pacha peke yake hakucheka. Alijua anatambiwa.

Ushindi wake ulikuwa mmoja tu katika miaka yote mitatu. Mwalimu aliuliza: kitu kilichookotwa hushikiliwa siku ngapi kwa ukaguzi kabla ya mwenyewe kurudishiwa? Profesa aliandika moja. Mama Pacha aliandika tatu, bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. Jibu lile alilikata kwa mkasi, akalibandika kwenye kabati la vyombo.

Sasa darasa lilikuwa limevunjika, wenzake wameondoka, na chini ya dawati la mbele palikuwa na daftari lenye jalada jekundu.

Hakuhitaji kulifungua, lakini alilifungua. Mwandiko mdogo, kama sisimizi waliopanga foleni. Vitabu vya chuo vilikuwa viwili tu, vya kuzungushana, na Profesa alikuwa amevinakili vyote humo, sura kwa sura, na maswali na majibu pembeni. Kila kitu cha kesho kilikuwa mle. Bila daftari hili Profesa hakuwa na pa kusomea.

Hatua zake bado zilisikika kwenye ujia. Kumwita tu kungetosha.

Wivu si wizi, Mama Pacha alijiambia, akalitia daftari kwapani, akaenda kubadili nguo.

Saa kumi na moja kamili alikuwa kazini, sare imenyooka, akipita mlango baada ya mlango. Kwenye mlango wa mwisho alimkuta Profesa amesimama, anamngoja.

"Dada yangu, daftari langu jekundu hujaliona?"

"Nimeliokota."

"Mungu akubariki! Nilishaanza kuchanganyikiwa. Nipe basi."

"Litakaguliwa kwanza."

Profesa alitabasamu, akidhani ni utani. Kisha tabasamu likamtoka polepole. "Mtihani ni kesho."

"Naujua mtihani ni lini."

"Basi lipekue hapa hapa. Mna nini mle zaidi ya masomo?"

"Siku tatu, Profesa. Kanuni ni kanuni. Au bado unaandika moja?"



Mama Pacha aliuvuta mlango wa chuma, akazungusha ufunguo mara mbili, akaandika kwenye kitabu cha zamu: wafungwa arobaini na mmoja, wote ndani.

"Afande," sauti ilimfuata kupitia nondo, "nimebakiza miaka kumi na tisa humu. Hukuweza kuniachia hata hilo?"

"Sikuweza," alisema bila kugeuka. "Na samahani siombi."