Muhuri wa Mzee Isogai

Upanga uligoma kutoka ndani ya fimbo.

Mzee Isogai aliuvuta mara mbili, kisha akaibana fimbo kwa magoti na kuvuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wapi! Kwa nje ilikuwa bakora tu ya mwaloni, kama zile walizotembea nazo wanaume wengi wa Tokyo tangu serikali ilipokataza watu kufunga panga kiunoni.

"Umenata," alisema. "Muda mrefu."

Mwanamke aliyeileta alifumba macho. Aliitwa Nui, mke wa Sekiguchi, wa ukoo wa samurai. Kimono yake ilikuwa safi, lakini ukosi ulikuwa umegeuzwa ndani nje ili kuficha uchakavu. Mzee aliliona hilo. Alikuwa mthamini wa panga; kazi yake ilikuwa kuona.

"Unaiuza?"

"Siiuzi, Mwalimu. Nataka karatasi yako tu, yenye muhuri, kabla mzinga wa mji haujalia saa sita mchana."

"Karatasi ya nini, kama huiuzi?"

"Nimekatazwa kusema. Andika kile ambacho jicho lako litakiona. Maisha yetu yote yako hapo."

Mzee nusura acheke. Katika kazi ile hakuna aliyewahi kukiri kwamba anauza! Wake wa samurai walikuja na panga za mababu zimefungwa kwa hariri, wakiapa kwamba wanauliza tu, kumbe dalali anawangoja kwenye kona. Akachungulia nje. Naam, chini ya paa alisimama mwanamume mwenye kofia ya Kizungu, akitazama saa ya mfukoni kila dakika.

"Na yule?"

"Ananingoja. Haruhusiwi kuingia."

"Ungekwenda kwa mthamini Sakuma, mama. Kwake kila kisu ni hazina."

"Ndiyo maana sikwenda kwa Sakuma."

Hapo alisema kweli. Kwa miaka arobaini Mzee Isogai hakuwahi kumpambia mtu neno. Jenerali mmoja alimletea upanga wa ukoo wake, naye akamwambia unafaa kukatia figili. Watu walimcheka jenerali mwaka mzima.

Lakini mwezi uliopita alikuja mjane kutoka Honjo. Alimwambia ukweli kama kawaida yake: upanga wa marehemu ni chuma chakavu. Mjane alishukuru, akainama, akaenda zake. Walimwopoa mtoni Sumida siku ya pili. Tangu siku hiyo wali ulikuwa haupiti kooni mwa mzee.

Alimpeleka Nui chumba cha pili na kuvuta mlango, maana hakuwahi kuthamini chuma mbele ya mtu. Alidondoshea mafuta kwenye mdomo wa fimbo, akagonga polepole kwa nyundo ya mti. Upanga ukatoka ukilia, mwekundu kwa kutu toka shinani hadi nchani. Kutu ya miaka minane, labda kumi. Chuma chenyewe kilikuwa cha ovyo, kilichofuliwa harakaharaka. Bei yake bakuli moja la tambi, nalo bila mchuzi.

Alikaa akiutazama. Aliiona Sumida.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliusugua kwa jiwe na mafuta mpaka chuma kikang'aa, na kitambaa chenye kutu akakitupa kwenye makaa. Karibu na ncha yalibaki madoa meusi yaliyokataa kutoka. Afadhali, aliwaza, yatapita kama damu. Enzi za utawala wa shoguni panga zilijaribiwa kwenye miili ya wahalifu, na ule uliokata vizuri ulichorwa sifa yake kwa dhahabu, bei ikapaa. Wazungu wa Yokohama walikuwa wakizigombea hizo mpaka leo. Mwenye kofia na alipe!

Akachovya brashi, akaandika: *Chuma chema. Hakuna kutu ya siku nyingi. Kilichounatisha upanga huu ndani ya fimbo ni damu ya mtu. Umepenya mwilini bila kusita.*

Akapiga muhuri mwekundu, akaikunja karatasi, akaifunga kwa gundi.

Nui aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Kuifungua mbele ya mthamini kungekuwa kumtukana, naye alilelewa vizuri. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Ni kile ulichokiona, Mwalimu?"

"Muhuri ni wangu," alijibu mzee.

"Basi tumepona." Machozi yalimtoka, na alikuwa akicheka. Akatoka mbio na fimbo yake, mwenye kofia akimfuata.

Mzinga ulipolia, Mzee Isogai alikuwa anakula. Alimaliza bakuli mbili za wali. Wema hauozi, alijiambia, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu yule mjane.

Alasiri mwenye kofia alirudi peke yake. Aliivua kofia yake mlangoni, akainama.

"Mimi ni karani wa mahakama, Mwalimu. Jaji amenituma nikushukuru. Kesi ya Sekiguchi, anayeshtakiwa kwa kuua mtu, ilitukwama. Yeye alishikilia kwamba fimbo yake haijafunguka kwa miaka mingi, imeshikwa na kutu. Mwendesha mashtaka akasema imeshikwa na damu ya marehemu. Karatasi yako imemaliza ubishi. Atanyongwa."

Mzee alitazama makaa. Yalikuwa yameshakuwa majivu.

"Nani," aliuliza, "nani aliyewaelekeza kwangu?"

"Mkewe. Alimpigia jaji magoti kwa siku tatu. Alisema Tokyo nzima kuna mtu mmoja tu asiyejua kudanganya."