Kichwa Hakibebi Miji Miwili

Kila mgeni anayeshuka Istanbul hutiwa ramani ya mji kichwani, na ramani ya kwao, kuanzia mitaa mpaka jiko, hutolewa ikahifadhiwa uwanja wa ndege mpaka siku atakayoondoka. Kichwa hakibebi miji miwili.

Mwanaidi hakuumia. Asubuhi ya kwanza alitembea kwa miguu kama mzaliwa: akapanda vichochoro vya ngazi, akakatiza nyuma ya msikiti, akaibukia duka la mikate ya ufuta bila kumuuliza mtu. Hakupotea hata mara moja, na miaka yote alitamani aje apotee huku.

Simu ikalia. Mama yake, Tanga.

"Mwanangu, ile mbuzi ya kukunia nazi uliiweka wapi?"

Mwanaidi aliikumbuka mbuzi, meno yake yenye kutu, hata mkwaruzo wake. Jiko hakuliona.

"Sijui, mama."

"Basi nitaazima kwa Bi Mwanakombo."

"Kwani Bi Mwanakombo anakaa wapi?"

"We mtoto! Si tunapakana ukuta?"

"Nielekeze, mama. Anzia mlangoni kwetu."

Mama akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Akaanza taratibu, kwa ile sauti ya kuwaelekeza wapita njia: "Ukitoka, kata mkono wa kulia, utauona mti wa mkungu..."

Mwanaidi akafumba macho, akamfuata. Akatoka, akakata kulia. Akarudi mlangoni, akaanza upya. Kila alipokata kulia, alitokea Istanbul.