Harufu ya Marehemu

Sheria inataka harufu aliyoipenda zaidi marehemu ipulizwe nyumbani kwake mpaka arobaini ipite. Mashine huipata kichwani mwake kabla ya maziko, na familia haina ruhusa ya kuchagua.

Baba yetu alikuwa mwindaji. Tulitarajia baruti, mafuta ya bunduki na nyasi zenye umande. Tulivipata vyote, na juu yake matumbo ya nyati yaliyopasuliwa juani. Siku ya tatu nilitapika. Kufikia ya tisa, mapazia, unga na nywele za binti yangu Mbuke vilikuwa vinanuka hivyo hivyo.

"Dada, vumilia," alisema mdogo wangu Kasubi. "Hiyo ndiyo furaha ya mzee."

"Basi ihamishie kwako."

"Mke wangu si atanifukuza!"

Jana arobaini ilitimia. Fundi alizima mashine, nami nikafungua madirisha yote. Mbuke, mwenye miaka sita, hakugusa chakula. Baadaye nilimkuta jikoni amepiga magoti, uso wake ndani ya ndoo ya utumbo wa kuku, akivuta pumzi.

"Mama," aliniuliza, "hakuna mnyama mkubwa zaidi?"