Ufunguo wa Diski ya Wifi

Mpiga picha alikataa kiti. Kufuta picha zote za dada yake ilikuwa kazi aliyotaka kuisimamia wima, mikono kiunoni, huku mkewe amekaa mbele ya kompyuta ya studio.

"Leo wifi yako atakoma," alisema. "Wageni watafika kwenye maonyesho yake wakute kuta tupu."

Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa jioni hiyo. Dada hakuwa na uwezo wa kuchapisha picha kubwa, kwa hiyo zingemulikwa ukutani kwa projekta, moja kwa moja kutoka kwenye diski yake. Zikifutwa, hana kitu.

Studio ile ilikuwa ya ndugu wawili. Kaka alipiga harusi, dada alipiga watu wakiwa kazini: wachomeleaji, wauguzi, wafagia barabara. Kisha kaka akatoa kitabu, na picha za dada zikatoka humo kwa jina la kaka. Mkewe, aliyezisafisha moja moja, hakutajwa popote. Dada alipouliza, alibadilishiwa kufuli la mlango. Sasa anajitegemea na watu wanamsifu, na sifa hizo zilimkaa kaka kooni kama mwiba wa samaki. Aliyekosa ndiye aliyenuna, na alikuwa amenuna kweli.

Tangu wezi waliposomba kompyuta zote za studio, ndugu hao waliacha kuweka picha ndani ya mashine. Walizipeleka kwenye mtandao unaokata kila faili vipandevipande na kuvitawanya kwenye kompyuta za watu wasiojuana, huku na huko duniani. Mwenye ufunguo akiunganisha, vipande hujikusanya, na kwenye skrini inaonekana diski ya kawaida tu. Kaka alikuwa na yake, dada na yake. Kuziunganisha ilikuwa kazi ya mke. Mumewe alijua kubonyeza kamera, basi.

"Ufunguo wake umeupata wapi?" aliuliza.

"Alipohama aliniachia ili nimtumie picha zilizobaki. Hajaubadilisha mpaka leo."

Mpiga picha alicheka hadi akakohoa. Mkewe na dada yake hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Kwenye msiba wa mama mkwe walirushiana maneno mbele ya waombolezaji, na tangu hapo hakuna aliyewaona wakisalimiana. Kwa kazi ya leo asingepata mtu mwenye kinyongo kizuri zaidi.

"Kwanza niitoe ya kwako," alisema mke, na diski ya mume ikatoweka kwenye skrini. "Zisije zikachanganyika."

"Hapo umefikiri."

Mke akaandika ufunguo mrefu, taratibu. Diski ikajitokeza. Ndani yake kulikuwa na maelfu ya mafaili, na kila moja lina jina la ajabuajabu, herufi na namba kana kwamba mtoto amechezea kibodi.

"Mbona hayasomeki?"

"Majina na picha vina ufunguo wa pili, na huo sina. Kuona hatuoni. Kufuta tunaweza."

"Kuziona za nini? Nimeziona magazetini mpaka basi."

Mke aligeuka akamtazama. "Nikwambie kitu. Diski hii haina kapu la taka. Ukifuta hapa, vipande vinafutika kote vilikotawanywa. Hata uje upige magoti, havirudi."

"Wa kupiga magoti si mimi."

"Ni miaka na miaka ya kazi ya mtu, mume wangu. Tunaweza kuzima hii kompyuta sasa hivi tukaenda kunywa chai."

"Amenipanda kichwani vya kutosha. Futa."

"Sifuti. Mlango nimekufungulia, kuingia ingia mwenyewe."

Mume alimsogeza, akashika kipanya, akachagua mafaili yote na kubonyeza bila kupepesa. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena. Mstari wa kijani ulianza kutambaa, na yeye akasikia raha, raha kabisa, ya mtu anayekunwa panapowasha. Mstari ulipofika mwisho, diski ilikuwa tupu.

"Nilijua nimeoa," alisema, akimbusu mkewe utosini. "Ngoja nikaoge nivae shati la maana. Leo nakaa kiti cha mbele."

Mke alisubiri mpaka akasikia geti linafungwa. Kisha akapiga simu, ikapokelewa mara moja.

"Wifi," alisema, "washa projekta yako, picha zako zote zipo. Ufunguo nilioandika ulikuwa wa diski yake. Alizofuta ni zake."