Idhini ya Mfalme Dubu

Huko Ulaya ya kale, kabla wanyama hawajajua kupiga kura, Mfalme Dubu aliweka akiba yote ya msitu pangoni mwake. Bila idhini yake hakuna aliyegusa hata kokwa moja. Theluji ikianguka, Dubu hulala mpaka iyeyuke, na idhini hulala naye. Ufalme gani huo! Mwaka uliopita Kindi alimzika mwanawe aliyekufa kwa njaa huku mfalme akikoroma.

Safari hii Dubu alipoanza kupiga miayo, Kindi alimkabili hadharani.

"Mfalme, ukilala, nani atatoa idhini?"

"Mimi! Niwe macho, niwe usingizini, mfalme ni mimi tu."

"Na tukija kuomba, ukanyamaza?"

Dubu akaangua kicheko. "Nisipokataa, nimekubali. Ila nani ana ubavu wa kuja? Wewe mkia mtupu?"

Wanyama wote walisikia.

Theluji ilipotanda, Kindi alisimama mchana kweupe mlangoni pa pango, wanyama wote nyuma yake, akapaza sauti: "Mfalme, tugawane chakula?"

Pango likajibu kwa mkoromo.

"Amekubali!" Sungura akaruka. "Muulize pia kama tuchague baraza!"

Wakauliza. Dubu akajigeuza, akaendelea kukoroma.

Alipoamka, amekonda kama ufito, alikuta baraza limejaa na watoto wa Kindi wanarukaruka, wazima wote.

"Nani kawaruhusu?" akanguruma.

"Wewe, mzee, na mashahidi ni sisi sote," Kindi akamjibu. "Kaa pale nyuma. Ukitaka kusema, nyoosha mkono."

Dubu akawatazama. Walikuwa wengi, tena wameshiba.

Akanyoosha mkono.